Kumwuza Winga au Kumbakiza: Hesabu ya Uamuzi

Kila mwaka, kipindi cha usajili kinapokaribia kufungwa, wapenzi wa kandanda hugawanyika makundi mawili. Klabu tajiri imetaja bei kubwa kwa ajili ya winga hodari. Kundi la kwanza husema: usiache mbachao kwa msala upitao. La pili hujibu: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali zote mbili zina hekima, lakini hakuna kati yake inayotuambia itumike siku gani. Katika makala haya tutaonyesha kwamba swali hili laweza kuchunguzwa kwa hesabu ya uwezekano, ile ile inayofundishwa katika shule za sekondari, na kwamba jambo linaloamua mara nyingi si bei inayotajwa magazetini.

Mali inayoyeyuka

Yafaa kwanza tueleze klabu inauza kitu gani. Haimwuzi mtu, bali inauza haki ya mkataba. Tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua katika shauri la Mbelgiji Jean-Marc Bosman kwamba mchezaji aliye raia wa Jumuiya hiyo, mkataba wake ukiisha, aweza kuhamia klabu ya nchi nyingine mwanachama bila ada kulipwa. Tangu hapo, mkataba umekuwa kama barafu iliyoanikwa juani. Ukibakiwa na miaka mitatu, klabu hupata bei nzuri; ukibakiwa na mwaka mmoja, mnunuzi hujua kwamba akisubiri kidogo atampata mchezaji bure.

Kuna saa ya pili inayokwenda pamoja na hiyo, nayo ni umri. Winga hutegemea mbio fupi za ghafla, na uwezo wa misuli kukaza upesi hupungua kadiri miaka inavyosogea, ingawa si kwa kasi moja kwa kila mtu.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa kubuni. Klabu imepewa pauni milioni 100 kwa winga mwenye mkataba wa miaka miwili. Timu ikifaulu kuingia mashindano ya bara itapata milioni 200 kwa msimu. Isipofaulu itapata milioni 80. Tuseme pia kwamba mishahara ya wachezaji wote tutakaowataja ni sawa, ili tuiache kando.

Akibaki, uwezekano wa kufaulu ni 0.8. Mapato yanayotarajiwa hupatikana kwa kuzidisha kila tokeo kwa uwezekano wake, kisha kujumlisha: 0.8 × 200 + 0.2 × 80 = 176. Baada ya mwaka mmoja bado aweza kuuzwa kwa milioni 60. Jumla ni 236.

Akiuzwa, klabu hupokea 100, hutoa 70 kumnunua mrithi, na mrithi huyo baada ya mwaka atakuwa na thamani ya 50. Hapo tuna 80. Lakini mgeni hazoei mara moja, kwa hiyo tukadirie kwamba uwezekano wa kufaulu ni 0.6. Mapato yanayotarajiwa ni 0.6 × 200 + 0.4 × 80 = 152. Jumla ni 232. Kumbakiza kunashinda, lakini kwa milioni 4 tu.

Sasa badili tarakimu moja. Ikiwa uwezekano wa kufaulu pamoja na mrithi ni 0.7, jumla ya kuuza inapanda hadi 244, na uamuzi unageuka. Mwanafunzi akitumia mlinganyo 160 + 120p = 236, ataona kwamba mpaka uko kwenye p = 0.63 hivi. Kosa dogo katika kukadiria kiasi hicho kimoja latosha kuhamisha jibu kutoka upande huu hadi ule.

Tubadili jambo jingine. Kipindi cha usajili kimefungwa na mrithi hapatikani, hivyo uwezekano wa kufaulu unashuka hadi 0.3. Klabu inabaki na milioni 100 zake na mapato yanayotarajiwa ya 116, jumla 216. Fedha ni zile zile, lakini kuuza sasa kuna hasara ya 20. Mwisho, tuseme mkataba umebakiwa na mwaka mmoja tu, na ofa imeshuka hadi 60. Akibaki, mwakani ataondoka bure, na jumla ni 176. Akiuzwa na mrithi akanunuliwa, jumla ni 192. Hapa kuuza kunashinda, japo bei ni ndogo kuliko ile ya mwanzo.

Mifano miwili kutoka klabu moja

Hali hizi si za karatasini tu. Tarehe 1 Septemba 2023, klabu ya Liverpool ya Uingereza ilikataa ofa ya Al-Ittihad ya Saudi Arabia kwa ajili ya winga Mohamed Salah wa Misri, iliyoripotiwa kuwa huenda ikafikia pauni milioni 150. Salah alikuwa na umri wa miaka 31, na mkataba wake ulikuwa uishe mwaka 2025. Wengi walishangaa. Lakini siku hiyo ndiyo usajili ulipofungwa Uingereza. Fedha hizo zisingeweza kununua mrithi hadi Januari 2024.

Hali ilikuwa tofauti Januari 2018, klabu hiyo hiyo ilipomwuza Philippe Coutinho wa Brazili kwa Barcelona kwa ada iliyotajwa kufikia pauni milioni 142 pamoja na nyongeza za masharti. Mbele tayari walikuwapo Salah, Sadio Mané na Roberto Firmino, kwa hiyo pengo aliloliacha lilizibika. Mwezi huo huo aliingia beki Virgil van Dijk kwa pauni milioni 75, na Julai akafuata kipa Alisson. Liverpool ilitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2019 na wa Uingereza mwaka 2020.

Kupima uamuzi

Katika msimu wa 2024/25 Salah alifunga mabao 29 katika ligi, akatoa pasi 18 za mabao, na Liverpool ikawa bingwa. Je, hilo lathibitisha kwamba kumbakiza mwaka 2023 kulikuwa sahihi? La. Angeweza kuvunjika mguu wiki iliyofuata, na uamuzi ule ule ungebaki na hoja zile zile. Anayeshinda bahati nasibu hakufanya hesabu nzuri kwa sababu ameshinda. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa, na tokeo moja halitoshi kuuhukumu.

Kwa ajili hiyo, msomaji anapobishana na wenzake kuhusu winga, asianze na bei. Aulize kwanza: mkataba umebakiwa na muda gani? Mrithi yupo, na kuna siku ngapi za kumpata? Timu itapungukiwa kiasi gani? Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi mfano tuliouonyesha, kila mmoja akaweka makadirio yake, kisha wakalinganisha majibu. Wataona kwamba wengi hawatofautiani katika hesabu, bali katika tarakimu walizoanzia. Hapo ubishi hugeuka kuwa uchunguzi, na hukumbusha usemi wa wazee wa biashara: mali bila daftari hupotea bila habari.