Dhana ya Kompyuta Pepe na Hatua za Mwanzo za Kuiunda

Kwa wakulima wa mpunga, pepe ni punje isiyo na kiini. Maana hiyo ya utupu yaweza kumpotosha anayekutana na istilahi kompyuta pepe kwa mara ya kwanza. Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta ya aina hiyo inavyoundwa kwa kutumia kivinjari, na yanaonyesha kwamba upepe wake ni wa umbo tu, si wa gharama.

Kompyuta pepe ni programu inayotenda kazi kama kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine. Dhana yenyewe si ngeni: kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa VM/370 mwaka 1972. Mfano mwafaka wa leo ni Proxmox VE, mfumo huria uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2008. Mfumo huo ukishasakinishwa katika seva, mtumiaji huandika katika kivinjari anwani ya seva ikifuatwa na namba 8006, kisha huingia kwa nywila.

Kwanza, hupakiwa faili ya ISO yenye mfumo endeshi unaotakiwa. Pili, hubonyezwa kitufe kilichoandikwa Create VM. Fomu inayofunguka hudai namba ya utambulisho na jina, faili ya ISO, ukubwa wa diski, idadi ya viini vya prosesa, kiasi cha kumbukumbu na muunganisho wa mtandao. Baada ya kuthibitisha, mtumiaji huiwasha kompyuta hiyo na kusakinisha mfumo endeshi.

Inafaa kusisitizwa kwamba tarakimu zinazojazwa hutegemea mali ya seva halisi. Seva yenye GB 16 za kumbukumbu ikiahidi GB 4 kwa kila moja ya kompyuta pepe kumi, ahadi inapita ghala, na zote huzorota zinapofanya kazi kwa pamoja.

Kwa idara ya lugha, faida ni bayana. Kamusi iliyoanzwa katika matoleo ya Shoebox ya DOS yaweza kufunguliwa kwa programu yake asilia hata baada ya kompyuta za zamani kutoweka. Hata hivyo, diski ya seva ikiharibika, kamusi hiyo nayo hupotea. Nakala rudufu sharti ihifadhiwe nje ya seva hiyo. Hivyo basi, pepe hii ina kiini, nacho kimo katika mashine ya mwenyeji.