Unyoya wa Jogoo Kwenye Ndoano

Ndugu msomaji, umekwisha kujiuliza kwa nini samaki anameza unyoya wa kuku? Jibu ni fupi: samaki hana mikono. Akiona kitu kinapita mbele yake, hawezi kukishika na kukigeuzageuza kama mama anavyochagua nyanya sokoni. Anakitia mdomoni kwanza. Kama si chakula, anakitema. Ujanja wote wa mvuvi wa ndoano uko katika ule muda mdogo kabla samaki hajatema.

Sisi wa Kazimia jambo hili si geni kwetu. Katika Ziwa Tanganyika wako wavuvi wanaovua mikebuka kwa kamba ya mkono yenye ndoano nyingi. Ndoano hizo hazina nyama wala mnyoo. Zimefungwa manyoya ya kuku au nyuzi zinazong'aa. Usiku taa inakusanya ndagala, mikebuka wanawafuata ndagala, na unyoya unaochezacheza majini unafanana na ndagala. Kigoma wanamwita samaki huyu mgebuka, Uvira na Bujumbura mukeke. Kaskazini mwa ziwa anakula hasa ndagala, kusini anakula sana uduvi. Basi fundi wa ndoano lazima ajue kwanza: samaki wa hapa anakula nini?

KAZI YA ZAMANI SANA

Kudanganya samaki kwa manyoya hakukuanza jana. Mwandishi wa Kirumi Aelianus, yapata mwaka 200, aliandika habari za wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoano sufu nyekundu na kuifunga manyoya mawili ya jogoo. Waliiga mdudu fulani aliyeruka juu ya mto, ambaye samaki wa pale walimpenda mno.

Karibu na kwetu kazi hii iko Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti kutoka Uskoti, wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti anataka maji baridi yanayokwenda mbio. Usimtafute katika ziwa letu, maana maji yake ya juu ni ya vuguvugu mwaka mzima. Chakula chake kikubwa ni wadudu. Wengi wao huishi kwanza chini ya mawe ya mtoni wakiwa mabuu, kisha hupanda juu, huota mabawa na kuruka. Kwa hiyo fundi hutengeneza aina mbili: mdudu wa kuelea, ambaye manyoya yake magumu yanamshika juu ya maji, na mdudu wa kuzama, mwenye mwili mzito kama buu.

Ulaya na Marekani, majira ya joto yakifika, wadudu hutoka mitoni kwa wingi na wavuvi wa trauti hutaka ndoano za namna nyingi. Nyingi kati ya hizo zinafungwa na Wakenya, wanawake na vijana, katika karakana, kisha zinasafirishwa ng'ambo. Fikiri kidogo: unyoya wa jogoo, uzi na jicho kali vimekuwa mshahara.

INAFUNGWAJE?

Haya, kijana, tazama. Ndoano inabanwa kwenye jiliwa dogo, lile ambalo mafundi wetu wa gereji wanaliita etau.

1. Zungusha uzi mwembamba kutoka karibu na tundu la ndoano mpaka pale inapoanza kupinda. Uzi ukiwa legelege, kila kitu kitateleza.
2. Funga nyuzi chache za unyoya ziwe mkia.
3. Zungusha sufu au uzi wa rangi uwe mwili. Mdudu ana kiuno chembamba, usimnenepeshe.
4. Chukua unyoya wa shingo ya jogoo, ufunge kwa ncha yake, uzungushe mara tatu au nne. Hayo ndiyo miguu na mabawa.
5. Maliza kichwa kwa fundo na tone la vanishi.

Kwa mkebuka mambo ni mepesi zaidi: unyoya mweupe uliolala nyuma ya ndoano, mrefu kama ndagala mdogo. Jaribu ndoano yako katika beseni la maji. Ikivutwa, unyoya ucheze. Ukikaa kama kijiti, fungua uanze upya.

Wazazi, angalizo moja: ndoano zikae katika kopo lenye kifuniko, na ncha zichomwe katika kizibo. Jicho la mtoto halina spea.

KUNA FAIDA GANI?

Ndoano inachagua. Anayeingia ni samaki mwenye mdomo wa kuimeza. Chandarua cha mbu hakichagui: kinazoa hata vitoto ambavyo mwakani vingekuwa mboga na pesa. Mambo ya ziwa si mazuri. Mwaka 2003 wataalamu walionyesha kwamba joto linalozidi linapunguza chakula cha samaki katika Tanganyika. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapumzike. Tukiongeza chandarua juu ya joto, watoto wetu watakula nini? Na wachimbaji wa Misisi nao wanataka samaki wa ziwa juu ya fufu lao.

Tusidanganyane: ndoano ya unyoya haileti utajiri wa siku moja. Usiku mwingine kamba inarudi tupu, na wavu utawazidi wenye ndoano kwa wingi. Lakini mtaji wake ni mdogo. Manyoya yako uani, uzi uko dukani, kinachonunuliwa kweli ni ndoano na kamba. Tena mwenye kufunga vizuri anaweza kuwauzia wavuvi wenzake, hata kama yeye mwenyewe anaogopa mawimbi.

Kijana usiyekuwa na kazi, anza na ndoano kumi. Mpelekee mzee mvuvi azijaribu usiku mmoja. Asubuhi mwulize ni zipi zilizoshika na ni zipi zilizokataliwa. Mikebuka watakuwa wamekwisha kutoa maksi.