Kushtuka (ulengaji shabaha)
Kushtuka ni tatizo la walenga shabaha wanaopiga visahani vya udongo kwa bunduki ya marisau. Mwili hujikaza, au jicho hufumba, kabla bunduki haijalia. Wakati mwingine kidole hugoma kuvuta triga na kisahani hupita salama.

Chanzo ni mwili kuzoea kungojea kishindo na pigo la begani, kwa hiyo kujilazimisha husaidia kidogo. Dawa ni kuziba masikio vizuri, kutumia risasi nyepesi zenye gramu 24 za marisau badala ya 32, kitako kinachomfaa mpigaji, na mazoezi ya kuvuta triga bila risasi.

Nchini Marekani baadhi hutumia triga inayofyatua inapoachiliwa. Ni hatari kwa asiyeijua, na katika Olimpiki imekatazwa.