Ngitili Zilizorudi Shinyanga

Mipango mingi ya maendeleo huanza kwa kuhesabu kile ambacho kijiji hakina: maji, zahanati, miti. Shinyanga inaonyesha kwamba inafaa kuanza na kile ambacho wanakijiji tayari wanajua kukitawala. Wasukuma wa huko walikuwa na ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza ili majani yastawi, kisha kufunguliwa kiangazi kwa ajili ya ng'ombe wa kulimia na ndama. Desturi hiyo ilidhoofishwa na mengi: misitu iliyofyekwa enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yaliyopanuka, mifugo iliyoongezeka. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Katikati ya miaka ya 1980 ngitili zilizojulikana hazikuzidi sana hekta 600.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ulitegemea vitalu na miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, ambayo wananchi hawakuiona kuwa yao. Mambo yaligeuka wataalamu walipotambua kwamba visiki na mbegu za miti ya asili vilikuwa bado ardhini, na kwamba kanuni za kuvilinda wazee walizijua. Kazi ikawa ya vijiji vyenyewe. Mipaka iliwekwa, dagashida, yaani baraza la jadi, likapanga faini, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakalinda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, sehemu kubwa ikiwa ni uoto uliochipua wenyewe baada ya kuachwa upumue.

Hapa ndipo neno "jumuishi", linalorudiwa mno katika ripoti, linapopata maana. Ngitili moja hutoa malisho, kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa, asali na matunda. Mwanamke hupunguziwa mwendo wa kutafuta kuni, na ng'ombe hufika msimu wa kulima akiwa na nguvu. Vijiji vingine vimetumia mapato ya ngitili za pamoja kujenga madarasa. Tathmini ya miaka hiyo ilikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Hakuna idara moja ya serikali ambayo ingepanga yote hayo kwa pamoja. Mkulima huyapanga kwa sababu maisha yake hayagawanyiki kwa wizara.

Wapo wanaohoji, na hoja yao nzito zaidi ni usawa. Mwenye ng'ombe wengi huwa na ngitili kubwa, na maskini hulazimika kununua malisho. Ni kweli, na kusifu jamii bila kutazama nani ana sauti ndani yake ni kosa. Lakini dawa yake si kurudisha maamuzi mkoani. Ngitili za kijiji na za shule zipewe ardhi ya kutosha, na wanawake waingie katika kamati zinazogawa matumizi. Serikali nayo ina kazi ambayo kijiji hakiwezi kuifanya peke yake: kupima mipaka na kutoa vyeti chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Anayehofia kunyang'anywa eneo lake kesho hana sababu ya kulifunga leo, hata kama sungusungu wako zamu.