Sheria Moja, Mizigo Miwili: Uvuvi wa Sambaza katika Ziwa Kivu

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo aghalabu husahauliwa pale hifadhi ya samaki inapojadiliwa, yaani kwamba sheria ileile huwaelemea wavuvi kwa uzito tofauti.

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi, lakini samaki huishi katika tabaka la juu tu. Chini ya mita 60 au 70 hamna oksijeni, bali gesi za kaboni na methani zilizoyeyuka majini. Mwaka 1959 waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika samaki wadogo wa jamii ya wale ambao Watanzania huwaita dagaa, nasi twawaita sambaza (jina ambalo mgeni hulidhania kuwa kitenzi).

Sambaza huvuliwa usiku wa giza. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa, samaki huufuata mwanga, kisha wavu ulioshushwa chini yao huinuliwa. Mbalamwezi ikiwaka, kazi husimama. Vyombo hivyo si vya kila mtu. Tajiri mwenye mitumbwi, wavu na taa aghalabu hutoa kwanza gharama za usiku ule, halafu huchukua fungu la vyombo. Kinachobaki ndicho wanachogawana vijana waliokesha majini. Alfajiri wanawake hununua samaki, mara nyingi kwa mkopo, wakawauza wabichi au wakavu katika masoko kama Kituku.

Sasa tuseme ziwa limefungwa kwa muda ili sambaza wazaane, kama Rwanda ilivyozoea kufanya upande wake. Kwa elimu ya samaki, uamuzi huo una maana. Lakini tajiri huenda ana duka au nyumba ya kupangisha. Kijana hana ila mikono yake, na mama mchuuzi ana deni la jana. Ndipo vyandarua vya mbu huonekana ufuoni, vikizoa vifaranga walewale ambao sheria ilikusudia kuwalinda. Kuwaita watu hao wezi ni rahisi. Mimi naona wametozwa peke yao gharama ya samaki wa kesho.

Pwani ya Kenya ilikutana na jambo kama hilo: juya lilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini likaendelea kukokotwa katika baadhi ya fuo, kwa kuwa lilikuwa kimbilio la vijana wasio na chombo chao wenyewe.

Miongozo ya hiari ya FAO ya mwaka 2014 kuhusu uvuvi mdogo haitenganishi haki ya mvuvi na hifadhi ya samaki, na wanawake wanaokausha na kuuza huhesabiwa humo kuwa watu wa uvuvi. Hapa kwetu kanuni huandikwa kwa Kifaransa, ilhali anayekamatwa kwa kuzivunja hujitetea kwa Kiswahili. Laiti tarehe za kulifunga ziwa zingepangwa pamoja na wanawake hao, zikatangazwa sokoni kwa lugha yao kabla hawajakopa, na fungu dogo la kila usiku likawekwa akiba kwa ajili ya vijana wa mitumbwini!