Faida Hiyo Inatoka kwa Nani?

Mwenye akiba huuliza kwanza: nitapata asilimia ngapi? Swali la pili, kwamba faida hiyo inatoka mfukoni mwa nani, wengi hawalifikii. Tanzania iliwahi kulijibu kwa ukali: Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni au nyumba ya kupangisha. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likalegeza masharti hayo, na leo kila mtu ameachiwa dhamiri yake. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1998, hisa za bia na sigara zinauzwa sambamba na za benki na saruji.

Kukataa ni rahisi. Asiyetaka pombe haweki fedha kwenye kampuni ya bia ya TBL, asiyetaka sigara anaiacha kampuni ya sigara ya TCC, na asiyekula riba ana sukuku, yaani hatifungani isiyo na riba, kama ile ya KCB Tanzania ya mwaka 2022.

Kazi ni kuchagua. Mwaka 2023 benki ya CRDB iliuza Hatifungani ya Kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira, yenye riba ya asilimia 10.25 ikitafuta shilingi bilioni 40. Ikapata zaidi ya bilioni 171. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ikauza yake ya miaka 10, bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5. Mimi naipenda zaidi ya Tanga, na si kwa sababu ya riba tu. Fedha zake ni za miundombinu ya maji, na mabomba mtu anaweza kwenda kuyaona. Benki hukopesha miradi mingi, kwa hiyo mwekezaji lazima adai ripoti ya matumizi na aisome. Kuitwa kijani hakutoshi.

Lakini vijijini, kwa mfano Rudewa, wilayani Kilosa, kishawishi kikubwa cha mwenye akiba si hisa wala hatifungani bali ardhi. Mtu wa mjini ananunua ekari 20, anaziacha ziote magugu, anasubiri bei ipande. Haibi, hauzi sigara, na rafiki zake watamsifu kwa kuona mbali. Hata hivyo naona huo ndio uwekezaji wenye madhara makubwa kuliko yote niliyoyataja. Hii ni wilaya ya mashamba makubwa ya mkonge, na serikali imewahi kufuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mahali penye historia hiyo, kila ekari inayofungiwa bure inamsukuma mkulima au mfugaji kwenye eneo la mwenzake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji, iisimamie kwa niaba ya wanakijiji, na ugawaji wake unahitaji idhini ya mkutano mkuu. Anayenunua kimyakimya kwa mtu mmoja, nje ya utaratibu huo, anajiweka hatarini kupoteza fedha pia.

Najua ardhi imewatajirisha wengi kuliko hatifungani. Basi ukinunua Rudewa, pitia halmashauri ya kijiji, kisha lima au kodisha kwa bei ambayo mkulima ataimudu. Kama huwezi, fedha zako zipeleke kwenye mabomba ya Tanga.