Diski ya seva ikifa, kumbukumbu za forodha zitapona?
Mfanyabiashara wa Puta anayevusha bidhaa Ziwa Mweru kwenda Kongo huona karani na karatasi tu. Lakini forodha ya Zambia hutumia mfumo wa ASYCUDA World, na kumbukumbu zake hukaa kwenye seva. Diski ikifa je?

Kinga ya kawaida ni RAID, iliyoelezwa na watafiti wa Berkeley, Marekani, mwaka 1988. Katika RAID 5, kidhibiti cha diski hukokotoa data iliyopotea kutoka diski zilizobaki na kuijaza kwenye diski mpya. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Diski ya pili ikifa hapo katikati, basi tena. RAID 6 huhimili mbili. Umeme ukikatika, betri ya kidhibiti hulinda data ambayo bado haijaandikwa.

Faili ikifutwa kimakosa, RAID haiirudishi. Nakala ikae jengo lingine, na risiti yenye mhuri usiitupe.